Faili Hili ni la Nani? Mshiko wa Faili kati ya Python na C

Nilikusanya hadithi za Kibembe, lugha ambayo Guthrie aliipa alama D54, kwa wazee wa Baraka, kando ya ziwa, na wa Fizi, mlimani. Programu yangu ya Python iliandika jina la msimulizi. Kisha moduli ya C, inayogawa maneno kwa silabi, iliandika hadithi yenyewe katika faili lile lile. Nilipolifungua, hadithi zilikuwa mwanzoni, zikifuatana bila majina, na majina yote yamerundikana mwishoni. Ipi ni ya nani? Kumnyang'anya mzee hadithi yake na kumpa jirani si kosa dogo.

Kosa lilikuwa langu: sikujua maandishi hukaa wapi kabla ya kufika kwenye diski.

Mfumo endeshi hulitambua faili lililofunguliwa kwa namba. C huizungushia namba hiyo muundo uitwao FILE, wenye bufa yake, yaani mahali pa kukusanyia maandishi kabla ya kuyapeleka. Python 2 ilitumia FILE hiyo hiyo ya C, na PyFile_AsFile ilitosha kuipata. Python 3, iliyotoka mwaka 2008, ina bufa zake yenyewe. Fanksheni ile iliondolewa. Tunayo PyObject_AsFileDescriptor, inayorudisha namba peke yake. Hivyo majina yangu yalisubiri katika bufa ya Python huku C ikipeleka hadithi zake, yakatoka pale tu Python ilipolifunga faili.

Dawa ina hatua mbili. Upande wa Python, kabla ya kuita moduli, andika:

faili.flush()

Upande wa C:

int n = PyObject_AsFileDescriptor(faili);
if (n < 0) return NULL;
FILE *f = fdopen(dup(n), "w");
andika_silabi(f, matini);
fclose(f);

Zingatia dup. Inatoa namba ya pili ya faili lile lile, na namba zote mbili hutumia nafasi moja ya kuandikia. Bila dup, fclose ingeifunga namba ya Python yenyewe, na jina linalofuata lisingeandikika. Herufi "w" hapa haifuti yaliyomo, kwa sababu fdopen halifungui faili upya.

Lua, iliyozaliwa Brazili mwaka 1993, ilichagua njia nyingine: maktaba yake ya io hutumia FILE ya C moja kwa moja. Ukiita luaL_checkudata kwa jina LUA_FILEHANDLE, unapata luaL_Stream, na ndani yake FILE yenyewe. Kagua kwanza closef. Ikiwa ni NULL, faili limeshafungwa. Bufa ni moja, kwa hiyo mpangilio hauvurugiki. Hata hivyo mwenye faili ni Lua, usimfungie. Ukiazima mtumbwi Baraka, unaurudisha ulipoukuta.

Mimi ilinibidi kusikiliza rekodi zote upya na kulinganisha sauti. Sauti mbili zilinishinda, nikapanda tena Fizi kuwauliza wenyewe.

Zoezi: ondoa flush, andika majina matatu na hadithi tatu, kisha eleza mpangilio unaoupata. Jaribu kwanza kwa faili lisilo na jina la mtu.