SOMO LA MAFUNDI: MBAO KWANZA, MASHINE BAADAYE



Mafundi seremala wa Kigombe, na wenzao wa pwani ya Tanga, wameanza kuuliza habari za mashine mbili: ile ikatayo mbao kwa mwanga wa leza, na ile ichongayo kwa kisu kinachozunguka kwa kuongozwa na kompyuta, iitwayo CNC. Mashine hizi hutoa nakshi, vibao vya majina na visanduku vilivyo sawa kila kimoja na mwenzake. Lakini ni ghali, na chama huzinunua kwa hisa za wanachama au kwa mkopo. Nia ya somo hili ni kuonyesha kwamba faida ya mashine huanzia kwenye ubao.

1. Baswudi na sifa zake

Maelekezo mengi ya mashine hizi hutolewa kwa kufikiria baswudi, mti wa Marekani ya Kaskazini. Ubao wake mkavu una uzito wa kilo 410 hivi kwa mita moja ya ujazo. Ni laini, una rangi nyeupe, nyuzi zake zimenyooka, wala hauna utomvu mwingi. Kwa hiyo mwanga huupenya sawasawa, na kisu hakikutani ghafla na sehemu ngumu. Hata hivyo, baswudi mbichi husinyaa sana ikikauka. Utulivu wake kwenye meza ya mashine hutokana na kukaushwa vema kabla ya kazi.

2. Miti yetu

Kila mti wetu una tabia yake. Msaji, upandwao Longuza wilayani Muheza, ni imara, lakini una chembe za silika ambazo hufanya visu viwe butu upesi. Mvule mara nyingine huficha mawe madogo ya chokaa. Mnazi ni mgumu upande wa nje na laini katikati; mwendo mmoja wa mashine haufai kwa ubao mzima. Mwembe, ambao waundaji wa ngalawa wameuzoea, ni mzito kuliko baswudi lakini huchongeka vizuri. Msufi ni mwepesi, ila huingia madoa ya ukungu usipokaushwa mapema.

Mombasa kuna chama cha ushirika cha wachongaji Wakamba kilichoanzishwa mwaka 1963. Mpingo na muhugu vilipoadimika, wachongaji waligeukia mwarobaini, mwembe na jakaranda. Miti hiyo ilipatikana, lakini iliwalazimu wajifunze upya kuikausha, kwa maana kinyago cha mti mbichi hupasuka mkononi mwa mnunuzi.

3. Kupima unyevu

Samaki hukunjwa angali mbichi. Ubao hufanyiwa kazi ukiwa mkavu. Panga mbao kivulini, juu ya ardhi, na kati ya ubao na ubao weka vijiti vya unene mmoja ili hewa ipite. Kisha pima hivi:

(a) Kata kipande kutoka katikati ya ubao, si mwishoni, nawe ukipime kwa gramu.
(b) Kikaushe katika jiko la kuokea lenye joto la nyuzi 103, hata uzito usipungue tena.
(c) Toa uzito mkavu katika uzito wa kwanza, gawanya kwa uzito mkavu, zidisha kwa 100.

Kipande cha gramu 124 kikibaki gramu 100, unyevu ni asilimia 24. Wengi hukosea kwa kugawanya kwa uzito wa kwanza, wakapata 19, wakadhani ubao umekaribia kukauka. Kwa kazi ya nakshi, ngojea ushuke hadi asilimia 12 au karibu na hapo.

4. Kuendesha mashine

Jaribu kwanza kwenye kipande cha ubao ule ule. Leza huacha mkato wenye upana wa sehemu 2 za kumi za milimita, au karibu na hapo. Usipouhesabu, viungo vitalegea. Kwa CNC, zidisha mizunguko ya kisu kwa dakika, idadi ya makali, na unene wa maranda. Mizunguko 16,000, makali 2 na unene wa milimita 0.1 hutoa mwendo wa milimita 3,200 kwa dakika. Mwendo wa polepole mno haulindi ubao. Kisu husugua badala ya kukata, na ubao huungua.

Usikate kwa leza mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa, wala plastiki aina ya PVC. Moshi wake una sumu, na ule wa PVC hula hata chuma cha mashine. Fundi asiondoke leza ikiwa inafanya kazi, na kizimamoto kiwe karibu.

5. Hesabu ya chama

Tuchukue mfano. Mbao 10 za shilingi 5,000 kila moja ni shilingi 50,000. Tatu zikipinda, saba zilizobaki zimegharimu shilingi 7,143 kila moja, kabla ya umeme na ujira. Hasara hii haionekani katika daftari lisilo na safu ya mbao zilizoharibika. Katibu aifungue safu hiyo leo, ingawa mashine haijanunuliwa. Ahifadhi pia stakabadhi na vibali vya mazao ya misitu, kwani mbao zisizo na kibali zaweza kukamatwa pamoja na oda ya mteja.

Kama ununuzi ni wa mkopo, kumbukeni kwamba chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013, ukomo wa madeni hupitishwa na mkutano mkuu na kuidhinishwa na Mrajis. Kamati peke yake haitoshi.

Maswali ya kujadili chamani

1. Mbao zilizomo ghalani mwetu zina unyevu wa asilimia ngapi?
2. Mwaka uliopita ziliharibika mbao ngapi, na kwa sababu gani?
3. Je, tuna oda za kutosha kulipa mkopo wa mashine, au tujenge kwanza banda la kukaushia?

Chama kisichoweza kujibu swali la kwanza na la pili hakijawa tayari kwa la tatu.