SOMO: FARANGA ZA PATRONI ZILIZOBAKI MFUKONI



Wakati wa likizo wengi wetu tunatafuta kazi ndogo ndogo ili tupate pesa ya masomo. Sisi wawili tulifanya kazi kwa patroni mmoja wa ndagala pale Kalundu. Siku moja alitupa dola 50 twende kuzibadilisha Kavimvira, karibu na mpaka wa Burundi. Kambisti alitupa faranga 2.800 kwa dola moja. Tuliporudi tukamwambia patroni kwamba bei ya siku ilikuwa 2.700. Basi faranga 5.000 zikabaki kwetu. Tukanunua mandazi, tukacheka.

Usiku hatukucheka tena. Ndipo mioyo ikaanza kutafuta sababu. Patroni anatulipa kidogo, tena anachelewesha. Hii haiko wizi, ni jasho letu. Na dola inapanda na kushuka kila siku, nani anajua bei ya kweli? Ndugu, sababu hii ya mwisho ndiyo ilitudanganya sana. Bei inageuka, ndiyo, lakini saa ile ilikuwa moja, na sisi tuliijua. Mshahara mdogo nao ni neno la kweli, ila ni hesabu nyingine. Ilifaa tumwambie machoni, si kujilipa gizani.

Wazee wetu wanakumbuka Noeli ya 1979. Serikali ya Zaire iliondoa noti za zaire 5 na 10, watu wakapewa siku chache tu za kuzibadilisha, tena kwa kiasi kilichowekwa. Wengi waliokaa mbali na banki walibaki na makaratasi. Hasara ile hakuna aliyebisha hodi kuirudisha. Ya kwetu ilikuwa na mwenyewe, na nyumba yake tuliijua.

Siku tatu tuliomba msamaha kwa Mungu, usingizi haukuja. Kisha tukasoma Walawi 6, tukaona kwamba tulianza upande usiofaa. Pale mkosaji anarudisha kitu chote kwa mwenyewe, pamoja na sehemu ya tano juu yake. Sadaka inatajwa nyuma. Kwa hiyo deni letu lilikuwa faranga 6.000. Kuzipata ilikuwa taabu (mandazi yalikwisha kuliwa!), tukabeba mchanga Jumamosi nzima.

Patroni alizihesabu mara mbili, hakusema kitu. Kesho yake alituondoa katika kazi ya pesa, akatuweka kuanika ndagala. Ilituuma, lakini alikuwa na haki. Juma lililofuata tulimuuliza habari ya mshahara unaochelewa. Alikasirika, lakini alitusikiliza mpaka mwisho, na sisi hatukuinamisha vichwa.

Kwa mazungumzo ya Jumatano: kama patroni amekufa, ao amehama na hajulikani alipo, pesa irudi kwa nani? Mje mmekwisha kusoma Hesabu 5:7-8.