Gobore la Marehemu Ukilikuta Darini

Bunduki kuukuu huibuka wakati watu hawajajiandaa. Matanga yamekwisha, ndugu wanasafisha nyumba ya marehemu, kijana anapanda darini kushusha magunia na kukuta kitu kirefu kimeviringishwa kwenye mkeka. Vijijini Tunduru, Liwale au Sikonge mara nyingi huwa ni gobore. Kwa aliyekuwa na shamba kubwa zamani, huenda ikawa shotigani ya mitutu miwili. Vyovyote iwavyo, imeshika kutu, kitako kimepasuka na kufungwa waya, nyundo imelegea. Papo hapo maoni yanagawanyika. Mmoja anasema kiuzwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu, mwingine anamjua fundi, na wa tatu ameshainyanyua analenga dirishani.

Anzeni na huyo wa tatu. Mwambieni aiweke chini taratibu, mdomo wa mtutu ukielekea ukutani kusikopita watu, kisha wote watoke chumbani.

Sababu ni jinsi gobore linavyojazwa. Baruti humiminwa kwa mdomo wa mtutu, ikafuata tambara au makumbi ya kushindilia, kisha gololi au vipande vya nondo, halafu inashindiliwa tena. Halikunjuki kama shotigani, kwa hiyo hakuna pa kuchungulia ukajua kama lina kitu ndani. Mzee aliyekuwa akilinda mahindi dhidi ya nguruwe na ngedere aliweza kulala nalo limeshashindiliwa, amebakiza kuvisha fataki tu. Akifariki kabla ya kulifyatua, kilichomo kinabaki humo humo. Na baruti nyeusi ikikaa pakavu haipotezi nguvu kwa kuzeeka. Iliyoshindiliwa kabla hujazaliwa inaweza kuwaka leo kwa cheche moja.

Kwa hiyo lihesabuni kuwa limejaa, hata kama shangazi anaapa kwamba halijalia tangu Vita vya Kagera. Msibonyeze kifyatulio “kuhakikisha”. Msichokonoe mtutu kwa waya, msiupulize, msiugonge chini kutoa vumbi. Fungeni mlango, na ufunguo akae nao mtu mzima mmoja anayejulikana. Watoto waambiwe wazi kuna nini mle ndani, kwa sababu wakifichwa watatafuta.

Baruti yenyewe huwa karibu, kwenye pembe ya ng'ombe, kibuyu au kopo la maziwa lililofungwa nailoni. Iacheni ilipo. Kuichoma ni kutafuta maafa, na kuitupa chooni au kuifukia ni kumwachia mtu mwingine hatari hiyo. Risasi za shotigani zilizovimba au kuota kutu ya kijani nazo zisiguswe.

Sasa kuhusu fundi. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu kishawishi chake ni kikubwa: nyundo inaonekana imelegea tu, kitako kinahitaji seremala, basi kwa nini isitengenezwe? Masizi ya baruti nyeusi huvuta unyevu, na unyevu huo hula chuma pole pole kule nyuma ya mtutu ambako jicho halifiki. Nje utaona kutu ya kawaida, kumbe ndani ukuta wa chuma umebaki mwembamba. Mtutu wa namna hiyo ukipasuka, hupasuka karibu na uso na mkono wa anayefyatua. Kuna na magobore ya kienyeji yaliyotengenezwa kwa bomba la maji, ambalo tangu mwanzo halikukusudiwa kustahimili mlipuko.

Shotigani kongwe nazo zina hatari yake. Nyingi za Uingereza zilichongwa chemba ya milimita 65, ilhali risasi za kawaida siku hizi ni za milimita 70. Risasi ndefu inaingia vizuri tu, lakini ikifyatuka haina nafasi ya kufunguka yote, na shinikizo linapanda. Ukiona mitutu ina michirizi kama mawimbi, ujue ilisukwa kwa vipande vya chuma na feleji kwa ajili ya baruti nyeusi, si kwa baruti za leo. Tena kumkabidhi silaha fundi asiye na kibali ni kosa kwenu na kwake. Na fundi wa kuchomelea asiisogelee kabisa: moto wake na cheche za grainda ndivyo vitu hasa ambavyo baruti iliyoshindiliwa inavisubiri.

Basi ifanywe nini? Tafuteni kwanza karatasi. Leseni huwekwa pamoja na hati ya shamba, vyeti vya ubatizo au kadi za zamani za chama. Ikipatikana, itaonyesha aina ya silaha na namba yake. Lakini leseni ni ya mtu, haifuati mali. Nchini Tanzania silaha zinaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na kikao cha ukoo hakiwezi kumrithisha mtu bunduki kama kinavyomrithisha kiti. Kuharibika nako hakuiondoi kwenye daftari la polisi. Njia ya kwanza ni kubaki nayo: anayetaka hivyo aombe leseni kwa jina lake, na silaha ikae mikononi mwa polisi wakati ombi linashughulikiwa. Kwa gobore lililooza sioni faida ya safari hiyo.

Njia ya pili ni makumbusho. Familia nyingi husema gobore lao ni la Vita vya Majimaji, na baadhi husema kweli. Kama wapo wazee wanaoweza kutaja lilikuwa la nani, lilitumika wapi na lilifikaje nyumbani, waandikieni Makumbusho ya Taifa, au mkiwa Iringa muulizie makumbusho ya Kalenga, yanayohifadhi historia ya Chifu Mkwawa na vita vyake na Wajerumani. Maelezo hayo ndiyo yanayolipa gobore thamani, kwa hiyo yaandikeni kabla wazee hawajaondoka. Hata hivyo, silaha yenyewe ianzie polisi, ikaguliwe na kuhakikishwa kuwa haina kitu ndani.

Ushauri wangu kwa familia nyingi ni njia ya tatu, kuisalimisha. Umoja wa Afrika umeutenga mwezi Septemba kila mwaka kuwa wa kusalimisha silaha haramu kwa hiari, na mwaka 2023 Tanzania ilitangaza msamaha wa Septemba na Oktoba. Tangazo la namna hiyo linawahusu hasa waliokuta gobore lisilowahi kuandikishwa. Lakini mkilikuta mwezi Machi, msingoje Septemba. Anayetoa taarifa mapema anaeleweka kirahisi kuliko anayekutwa nalo.

Msiibebe kwenye bodaboda wala basi. Msimamizi wa mirathi aende kituoni mikono mitupu, akiwa na cheti cha kifo, leseni kama ipo, na ikiwezekana barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa. Aeleze silaha iko wapi, ina hali gani, na kama kuna baruti au risasi, kisha aombe askari waje kuichukua. Mkitaka picha ya kumbukumbu, pigeni kutoka mlangoni bila kuigusa.

Siku ya kuchukuliwa, msimamizi asiondoke bila hati ya makabidhiano. Iandikwe aina ya silaha, namba kama inasomeka, hali yake, kiasi cha risasi au baruti, tarehe, jina na namba ya askari aliyepokea, na muhuri wa kituo. Nakala moja iende kwenye jalada la mirathi mahakamani pamoja na orodha ya mali, ili atakayeuliza baadaye bunduki ya mzee ilikwenda wapi aonyeshwe karatasi.