Kabla ya Kura, Tuulize Habari ya Njia



Somo letu la mara hii ni juu ya usafiri na kura. Uchaguzi mkuu wa 2022 ulifanyika tarehe 9 Agosti, na kwa mujibu wa Katiba unaofuata ni tarehe 10 Agosti 2027. Wagombea huanza kuzunguka mapema. Akifika kijijini, karibu kila mmoja husema neno lile lile: "Nikichaguliwa nitaleta lami." Watu wanapiga makofi, gari linaondoka, vumbi linabaki. Halafu mvua inanyesha, laga inajaa, na mama mwenye uchungu wa kuzaa anakaa upande huu wa maji huku hospitali iko upande ule.

Kwa hiyo tumeonelea tujifunze namna ya kuuliza. Somo hili laweza kusomwa kwa mikutano miwili au mitatu. Asiyejua kusoma asomewe, na akina mama wapewe nafasi ya kusema kwanza, kwa maana wao ndio wanaotembea sana.

1. Barabara ni jambo moja, usafiri ni jambo lingine

Usafiri ni kumtoa mtu au mzigo hapa na kumfikisha pale, kwa wakati unaofaa na kwa bei anayoiweza. Barabara ni sehemu moja tu. Lami inaweza kupita mbele ya kijiji, na bado maziwa ya ngamia yakaharibika kwa sababu hakuna gari la asubuhi. Punda na mkokoteni ni usafiri. Bodaboda ni usafiri, na lori la mifugo pia. Ambulensi isiyo na mafuta si usafiri, ni chuma tu.

Tena, mara nyingine dawa ni kupunguza safari. Kisima kikichimbwa karibu, punda hapigi mwendo wa siku nzima. Muuguzi akija kijijini kila mwezi kuchanja watoto, mama hatafuti nauli.

Kaunti ya Garissa peke yake ina zaidi ya kilomita za mraba 44,000, na sensa ya 2019 ilihesabu watu 841,353. Hakuna serikali itakayotia lami kila njia ya kaunti kubwa hivyo. Lazima kitu kimoja kitangulie na kingine kingoje. Tusipochagua sisi, tutachaguliwa.

2. Maji yametufundisha

Mwezi wa Novemba 2023 mvua za El Niño zilijaza mto Tana, na maji yakafunika barabara kati ya Madogo na mji wa Garissa. Hiyo ni barabara kuu ya kwenda Nairobi, tena ya lami. Magari yalikwama, bei za vyakula zikapanda, watu wakavushwa kwa mashua. Mwaka uliofuata mambo yakarudi. Mwezi wa Aprili 2024 basi lilisombwa na maji kwenye barabara hiyo hiyo katika Kaunti ya Tana River, na abiria zaidi ya 50 wakaokolewa. Tarehe 28 Aprili 2024 mashua iliyobeba watu ilipinduka karibu na Madogo, na wenzetu kadhaa wakapoteza maisha.

Tunajifunza nini? Kwanza, lami bila madaraja na kalvati za kutosha hukatika kama njia ya udongo. Pili, maji ya Tana hayatoki kwetu. Mabwawa ya juu, kuanzia Masinga hadi Kiambere, yakijaa na kumwagika, mafuriko huteremka mpaka Garissa hata kama hapa jua linawaka. Kwa hiyo mgombea aulizwe pia habari ya onyo la mapema, na mashua salama zenye maboya ya kuvaa. Mashua ya dharura haitafutwi siku ya mafuriko.

3. Nani ana kazi gani?

Siku ya kupiga kura tunapewa karatasi sita. Wagombea wengi huahidi kazi isiyokuwa yao, nasi hatuwaulizi. Hebu tuzitenganishe.

Barabara kuu za taifa, kama ile ya Nairobi–Garissa–Liboi na ile ya Garissa–Modogashe–Wajir, ziko chini ya serikali kuu kupitia shirika la KeNHA. Ndivyo ilivyo pia barabara ya Isiolo–Wajir–El Wak–Mandera, yenye kilomita zipatazo 740, ambayo Benki ya Dunia ilikubali mwaka 2020 kusaidia ujenzi wake. Mgombea udiwani akikuambia ataijenga yeye, cheka kwa adabu.

Barabara za kaunti, maegesho, taa za barabarani na usafiri wa umma ndani ya kaunti ni kazi ya serikali ya kaunti. Hivyo ndivyo Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linavyosema. Anayesimamia ni gavana. Barabara nyingine za mashambani zimekuwa chini ya shirika la KeRRA, na hapo mbunge ana sauti. Mpaka kati ya KeRRA na kaunti umeleta ugomvi mpaka kortini. Ndiyo maana tunamwuliza kila mmoja: "Njia hii yetu iko chini ya nani?" Asiyejua jibu hajajiandaa.

Diwani, yaani MCA, hana pesa za kujenga barabara. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa kazi ya kutuwakilisha, kutunga sheria na kuichunguza serikali ya kaunti, na inamkataza kujiingiza katika kazi za utendaji. Lakini ndiye anayepitisha bajeti. Basi tusimwulize atajenga nini. Tumwulize atapigania nini ndani ya bajeti.

Na pesa zinatoka wapi? Tangu Julai 2024, kila lita ya petroli na dizeli inakatwa shilingi 25 kwa ajili ya matengenezo ya barabara. Mwenye bodaboda analipa, na abiria wake analipa ndani ya nauli. Kwa hiyo tukiuliza hatuombi sadaka. Tunauliza habari ya mali yetu.

4. Kazi ya kikundi: kupanga kwa mawe

Kabla hatujamwita mgombea, tujue wenyewe tunataka nini. Fanyeni hivi.

Chora kijiji chini kwa fimbo: nyumba, kisima, shule, zahanati, soko, laga, na njia ya kwenda mjini. Kisha kila mtu ataje safari alizofanya wiki iliyopita, kwa miguu, kwa punda au kwa gari. Weka jiwe moja kwa kila safari. Mtashangaa. Mara nyingi mawe mengi hujaa njia ya maji na kuni, wala si barabara ya mjini.

Baadaye ulizeni: ni mahali gani mtu anaweza kufa kwa kuchelewa? Hapo wekeni jiwe kubwa, hata kama safari ni chache. Kisha andikeni mambo matatu tu, kwa mpangilio: la kwanza, la pili, la tatu. Mtu mwenye mambo 20 ya kwanza hana la kwanza.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kikundi kina njia ya kilomita 30 kwenda mjini. Kilomita 28 zinapitika mwaka mzima; 2 zinapita kwenye laga na kwenye udongo mweusi. Kikundi hiki kikiomba lami ya kilomita 30, kitangoja miaka. Kikiomba kivuko cha zege kwenye laga na maramu kwenye zile kilomita 2, kimeomba kitu ambacho kaunti yaweza kukifanya kwa bajeti ya mwaka mmoja. Gari litapita ile ile.

5. Maswali ya kumwuliza mgombea

Tumwulize kwa heshima, kila mgombea maswali yale yale, na katibu aandike majibu mbele ya watu:

• Mheshimiwa, katika usafiri wa wadi hii, utaanza na nini, na utaacha nini kingoje?
• Kazi hiyo ni ya ofisi unayogombea, au ya ofisi nyingine?
• Pesa zitatoka katika fungu gani?
• Njia ikishachongwa, nani atairekebisha mvua ikiisha?
• Mgonjwa akizidiwa saa nane ya usiku, tumpigie nani, na gari litatoka wapi?
• Vijana wetu watapata kazi katika ujenzi huo, au kontrakta atakuja na watu wake?
• Utafanya nini juu ya usalama wa abiria?

Swali la mwisho si dogo kwetu. Tarehe 22 Novemba 2014 watu 28 waliuawa baada ya basi kutekwa Mandera. Tarehe 21 Desemba 2015, karibu na El Wak, basi lingine lilivamiwa, na abiria Waislamu wakakataa kutengwa na wenzao Wakristo. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku hiyo, akafariki Januari 2016. Abiria walilindana wenyewe. Anayetaka uongozi atuambie naye atawalindaje.

Na akitoa bahasha badala ya jibu? Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 yasema anayehonga na anayehongwa wote wana makosa, na adhabu yaweza kufika faini ya shilingi milioni 2 au kifungo cha miaka 6, au vyote viwili. Pesa ya siku moja haivushi laga ya miaka mitano.

6. Wazee wanapokaa

Tusidanganyane. Huku kwetu mara nyingi wazee wa ukoo hukaa na kukubaliana juu ya mgombea kabla ya kura. Mandera ilionekana wazi mwaka 2013 na 2017. Hatusemi wazee wasikae. Makubaliano yao yamezuia ugomvi mara nyingi. Lakini akina mama na vijana kwa kawaida hawamo mkutanoni. Mkingoja mpaka siku ya kampeni, mtamwuliza mtu aliyekwisha kupita. Kwa hiyo pelekeni mambo yenu matatu kwa wazee mapema, mwambie, "Mzee wetu, yeyote mtakayemkubali, mwulizeni haya kwanza." Mzee naye ana binti anayejifungua.

7. Baada ya kura

Ahadi ni deni, na deni hudaiwa. Kaunti ina kalenda yake. Mpango wa mwaka hupelekwa bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba. Karatasi ya mwelekeo wa fedha hufika mwisho wa Februari. Makadirio ya bajeti hufika mwisho wa Aprili. Kikundi kinachokwenda mwezi wa Juni kimechelewa. Wakitangaza mkutano wa wananchi, pelekeni watu wawili na karatasi yenye mambo matatu.

Mkitaka kujua barabara yenu ilitengewa kiasi gani na nani kapewa kazi, andikeni barua. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kujibu. Wekeni nakala kwenye faili la kikundi.

Maswali ya kujadili

1. Ni safari gani inayotuchosha zaidi, na ipi inayoua?
2. Je, kuna safari tunayoweza kuipunguza bila barabara mpya?
3. Tuliahidiwa nini mwaka 2022, na nani anakumbuka kwa maandishi?
4. Ni sehemu gani tunaweza kuitengeneza wenyewe kwa majembe kabla ya mvua?
5. Nani ataenda kwa wazee, na lini?

Kikundi kisimalize somo bila kujibu swali la tano kwa jina la mtu na siku.