Unene wa kula na unene wa ugonjwa



Mtu akinenepa kijijini tunasema ama amepata pesa, ama hajui kufunga mdomo. Mara nyingi ni chakula na kukaa tu, hapo tusibishane. Lakini kuna wachache ambao unene wao unatoka kwingine, na hao tukiwacheka wanachelewa kufika hospitali.

Juu ya figo kuna tezi mbili ndogo. Hutoa homoni iitwayo kotisoli, nyingi asubuhi, kidogo sana usiku wa manane. Ikizidi kwa miezi mingi, mwili huharibika. Daktari Mmarekani Harvey Cushing aliandika juu ya ugonjwa huu mwaka wa 1912, ukabaki na jina lake.

Tutamjuaje mgonjwa? Mizani peke yake haitoshi. Angalieni unene umekaa wapi. Uso huwa mviringo, tumbo hujaa na nundu huota nyuma ya shingo, lakini mikono na miguu inakonda. Mwambie aketi kwenye kigoda kisha ainuke bila kujishika: atashindwa, maana misuli ya mapaja imelegea. Akigongwa kidogo, damu inavilia chini ya ngozi. Tumboni kuna michirizi mipana ya zambarau (ile ya kawaida ya kina mama waliozaa isiwatishe). Presha na sukari hupanda. Mtoto naye hunenepa lakini harefuki.

Sasa lililo kubwa. Wengi wenye dalili hizi wamezipata kwa dawa. Prednisoloni na deksamethasoni hufanya kazi kama kotisoli. Zikiandikwa na daktari, kwa mfano kwa pumu, zinaokoa maisha. Shida ni vile vidonge vya sokoni vilivyofungwa kwa karatasi bila jina, ati vya magoti au vya kuongeza mwili, na baadhi ya krimu za kujichubua. Kwa hiyo ukienda kupimwa beba kila unachomeza na kujipaka, usione haya. Na tafadhali, usiache ghafla! Tezi zako zimelala. Ukikatiza dawa unaweza kuishiwa nguvu, kutapika, presha ikashuka, hata ukafa. Daktari ndiye hupunguza polepole.

Si kila mnene apimwe. Mwaka wa 2020 wataalamu wa homoni wa Ulaya walishauri wapimwe wenye dalili. Kipimo kimoja ni hiki: unameza miligramu 1 ya deksamethasoni saa tano usiku, unatolewa damu saa mbili au saa tatu asubuhi. Tezi nzima hunyamaza, na kotisoli hushuka chini ya nanomoli 50 kwa lita. Ikibaki juu, bado si hukumu. Kuna vipimo vingine, vya mkojo wa saa 24 au mate ya usiku. Mama anayetumia vidonge vya kupanga uzazi aseme mapema, kwani vyenye estrojeni hupandisha hesabu ya damu.

Zahanati zetu hazina kipimo hiki. Mgonjwa ataandikiwa barua ya kwenda hospitali kubwa. Hiyo ni nauli, maabara, na pengine kulala mjini. Kikundi chenye mfuko wa dharura kiamue kwenye mkutano ujao kitamkopesha mwenzetu kiasi gani, na nani atamsindikiza.