Kabla Hujampeleka Mbwa Wako Eksirei

Ninatibu mbwa na paka huku Mbagala, na wenye wanyama huniambia neno moja: "Dokta, si apigwe tu eksirei tujue kameza nini?" Apigwe, sawa. Ila eksirei huonyesha vizuri chuma, jiwe na mfupa. Sarafu au sindano hung'aa nyeupe hata asiyesomea akaiona. Sasa mbwa wa huku kwetu Rangi Tatu anameza nini? Gunzi la mahindi ya kuchoma, kokwa la embe, kijiti cha mshikaki, tambara lililofutiwa mafuta ya samaki. Mionzi huvipita vitu hivi kama havipo.

Kwa hiyo mimi hutazama hewa kwanza. Utumbo ukiziba, sehemu iliyo kabla ya kizuizi hutuna kwa hewa na maji, na iliyo baada yake hubaki nyembamba. Ukiona matumbo ya saizi mbili kwenye picha moja, shaka inaanza. Kwa mbwa tunapima: upana wa utumbo mwembamba ukizidi mara 1.6 ya kimo cha pingili ya tano ya kiuno, uwezekano wa kuziba ni mkubwa. Na gunzi lenyewe, ukibahatika, hujitaja kwa vitundu vidogo vya hewa vilivyojipanga safu safu, pale punje zilipokuwa.

Omba picha tatu: ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto, na chali. Wengi huilalamikia ile ya kushoto kwamba ni kuongeza bili tu. Siyo. Mnyama akilalia ubavu wa kushoto, hewa ya tumboni hupanda hadi kwenye njia ya kutokea chakula, na kokwa lililokwama hapo huonekana umbo lake.

Paka ni habari nyingine, hasa anayeishi jirani na fundi cherehani. Mfunue mdomo, tazama chini ya ulimi. Uzi ukinasa pale, ncha ya pili inaweza kuwa imeshafika matumboni, na utumbo hujikunja juu yake. Kwenye picha matumbo huwa yamebanana sehemu moja, na hewa imekatika vipande vyenye umbo la mkato. Usiuvute uzi huo, hata ukiuona unatokea nyuma. Unakata utumbo kama msumeno.

Nyumbani, kazi yako ni kuchunguza uwanja na ndoo ya taka: kimepungua nini? Mfano wa kitu hicho uje nao, hata gunzi la pili. Chakula asipewe. Maji ya chumvi ya kumtapisha, tafadhali, acha kabisa. Chumvi nyingi yenyewe inaua mbwa, na kijiti kikirudi njia ya juu kinaweza kuchana koo.

Picha ikitoka safi na bado anatapika, usikubali kurudishwa nyumbani hivi hivi. Uliza kuhusu ultrasaundi, au kurudia picha baada ya saa kadhaa. Dawa nyeupe ya bariamu nayo husaidia, isipokuwa utumbo ukishukiwa kutoboka, hapo hainyweshwi.

Mbwa anayetapika kila anachokula, tumbo limekaza na choo hakuna, halazwi na njaa hadi asubuhi "tuone". Tafuta bajaji leo leo.