SOMO LA AFYA: JINA LA SANDUKU NA JINA LA DAWA



Mama mmoja alizaa kwa kupasuliwa. Munganga akaandika: Lovenox 40 mg, sindano moja kila siku. Kwa farmasi jamaa wakapewa sanduku lenye jina lingine, bei yake chini. Dada yake akakataa: «Hii haiko ile balituandikia. Banataka kutudanganya.» Akaenda kutafuta makuta ya ile ya bei kali, na siku mbili zikapita bila sindano. Mungu alisaidia, mama hakupata neno. Lakini tujiulize: dada alikuwa na haki?

1. Kazi ya dawa hii
Mtu akilala kitandani siku nyingi, hasa kisha kupasuliwa, damu inaweza kuganda ndani ya mshipa wa mguu. Kipande kikikatika na kufika kwenye mapafu, mtu anaweza kufa ghafula. Heparini inazuia damu isigande hivyo. Ilionekana mwaka 1916 kule Baltimore, Marekani, katika kazi ya mwanafunzi wa udaktari Jay McLean na mwalimu wake William Howell. Leo inatolewa katika matumbo ya nguruwe. Enoksaparini ni heparini iliyokatwa kuwa minyororo mifupi.

2. Majina mawili
Lovenox ni jina la kampuni. Enoksaparini ni jina la dawa yenyewe. Haki ya kampuni ya kwanza ikiisha, wengine nao wanaweza kuitengeneza. Bei inashuka sababu wauzaji wanashindana, si sababu dawa ni mbovu.

Hata hivyo, kuiga enoksaparini si kazi nyepesi. Asipirini ni molekuli ya namna moja. Enoksaparini ni mchanganyiko wa minyororo ya sukari yenye urefu mbalimbali. Marekani walikubali jeneriki ya kwanza mwaka 2010, kisha kuipima sana.

3. Jeneriki na dawa ya uongo si kitu kimoja
Mwaka 2008 heparini ya kampuni kubwa huko Marekani ilikutwa na kitu kigeni ndani, watu wakafa. Jina kubwa halikuwalinda. Na kwetu Kongo, katika Ituri, mwaka 2014 na 2015, vidonge vilivyoandikwa diazepamu vilikuwa na haloperidoli. Mamia ya watu walikazika shingo na uso, watoto pia. Ile haikuwa jeneriki. Ilikuwa uongo juu ya sanduku.

4. Tuangalie nini?
– Jina la dawa: enoksaparini kwa enoksaparini. Heparini ya kawaida au nadroparini haichukui nafasi yake bila munganga.
– Kipimo: enoksaparini 40 mg ni sawa na 4000 UI.
– Tarehe ya mwisho, namba ya loti, na sindano iliyofungwa vizuri.
– Joto lisipite digri 25. Dawa ya kwenye meza ya soko, chini ya jua, tusiinunue.

Basi, dada aliuliza vizuri, lakini alikosa mahali pa kuuliza. Angerudisha sanduku kwa munganga siku ileile, angejibiwa: «Njo ileile, mama.» Mashaka ni mema yakitupeleka kwa mwenye kujua, yakituacha nyumbani, mgonjwa ndiye analipa.

MASWALI
1. Sababu gani enoksaparini ni ngumu kuiga kuliko asipirini?
2. Chukua sanduku la dawa nyumbani. Jina la kampuni ni lipi, na jina la dawa ni lipi?